Korongo wa Kwihara

Walisema sitamaliza mwaka. Nilirudi Tabora kutoka Nairobi na diploma ya upigaji picha, nikaitundika ukutani, nikatangaza kwamba kazi yangu haitakuwa watu waliokaa kitini peke yao. Nitapiga watu na wanyama wanapokutana bila kupangwa. Fundi cherehani jirani yangu, Mzaramo na mtani wangu, alicheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani.

"Mnyamwezi amechoka kubeba mizigo, sasa atabeba picha za fisi."

Hata hivyo alinikopesha, kama walivyonikopesha mjomba wangu na mwenye duka la vitambaa. Tulikubaliana kwamba mvua zikianza sijalipa, kamera itauzwa.

Miezi ya kwanza adabu ilinikosesha picha nyingi. Kaliua nilimkuta mzee uso kwa uso na twiga kando ya reli. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani, za mama, za safari, nami nikajibu zote. Tulipomaliza, twiga alikuwa amekwenda zake. Mwingine aliniomba nimngoje akavae kanzu, nyani hakumngoja.

Nikaamua: picha kwanza, salamu baadaye. Hilo sikufundishwa Nairobi, nililigundua mwenyewe.

Mawingu yalikwisha kuanza kukusanyika nilipopita Kwihara. Bibi mmoja alikuwa ameinama akianika dagaa mkekani, na nyuma yake korongo, mkubwa kama mtu, ananyoosha shingo. Bibi akageuka. Wakakaziana macho kama wake wenza. Nikapiga.

"Wewe kijana, kwenu hamsalimii wakubwa?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, ingawa umechelewa. Na mwizi huyu mbona hukumfukuza?"

"Ningemfukuza, nisingewapata wote wawili."

"Basi uniletee, nijione nilivyomtisha."

Nilimpelekea nakala, na kwa ruhusa yake nikaweka nyingine kubwa dirishani kwangu. Watu walitoka hata Kitete kuja kuitazama. Walinunua nakala, na wengi, wakiwa wamekwisha kuja, walikaa kitini nikawapiga. Hakuna mpiga picha mjini aliyekuwa na foleni kama yangu.

Tone la kwanza la mvua halijaanguka, nilivaa suti nikazunguka kulipa. Mwenye duka alinipa mkono. Fundi alihesabu mara mbili, akasema pesa ya Mnyamwezi haiaminiki. Mjomba alizitia mfukoni bila kuzitazama, akauliza kama sasa kamera ni yangu.

"Yangu, mjomba," nikamwambia. "Yote, mpaka mkanda wake."