Sambaza kwa Kiingereza

Nikisikia Kiingereza huwa nacheka, na kosa si langu. Ni la siku niliyoposwa, nyumbani kwetu Kamembe.

Baba yangu alikulia Bukavu, ng'ambo tu ya mpaka, kwa Kiswahili na Kifaransa. Baba wa mchumba wangu alikulia Uganda, na Kiingereza kilimponyoka hata akiomba chumvi. Hofu yangu ilikuwa moja tu: asimwulize baba kazi yake. Baba alikuwa fundi wa redio, na siku hizi redio zimo ndani ya simu. Kwenye meza yake ya kazi walilala kuku. Nilimpenda yule kijana hadi nikawa naunguza maharage, na niliogopa wakwe wasije wakakataa binti wa mtu asiye na kazi.

Basi tumekaa, sambaza, vile visamaki vya ziwani kwetu, zimekaangwa, ndege ikapita juu ya bati ikatunyamazisha wote. Ilipokwisha kupita, baba mkwe akauliza. Kiingereza, jamani, hakiulizi kazi waziwazi. Kinauliza, "Unafanya nini ili uishi?" Mimi nilijua maana yake. Baba akalitafsiri neno kwa neno, akakohoa kistaarabu, akajibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza redioni kwamba anakula sambaza, anakunywa maji, na jioni anacheka na mkewe.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama akainamia kikombe.

Baba mkwe alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaomba aongezewe sambaza ili naye aishi. Posa ikapita. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena.

Wageni walipoondoka nikamweleza baba maana ya swali.

"Kumbe alikuwa anauliza kazi?"

"Ndiyo, papa."

"Basi angeuliza kazi. Yeye aliuliza vile nafanyaka juu ya kuishi. Sasa kama sikule, ntaishi?"

Mwaka huu baba mkwe, ambaye baba humwita bamwana, yaani mkwe mwenzake, amestaafu, na tangu hapo amekuwa mnyonge, hajui mikono aiweke wapi. Juzi, tukiwa mezani, mgeni mmoja akamwuliza swali lilelile, kwa Kiingereza kilekile. Baba mkwe akaivuta sahani yake ya sambaza.

"Ninakula sambaza," akasema.

Baba, aliyekaa kando yake, akamgusa kiwiko, akamsogezea glasi ya maji.

"Na mayi, bamwana. Usisahabu mayi."