Rangi ya Kibanda cha Shosho Nyawira

Miaka ishirini Masinde amepaka kuta za Mweiga, tangu atoke Bungoma na brashi mbili. Anajua kuliko yeyote kwamba ukuta huongea kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Kwa hiyo hana cha kujitetea.

Kabla ya uchaguzi alipaka ofisi ya mgombea mmoja rangi ya zambarau, rangi ya kampeni yake, makopo matatu yakabaki. Akaona uchungu kuyatupa, akapaka kibanda cha chai cha Shosho Nyawira, mama mzee ambaye mtoto wa jicho amemwachia mwanga tu.

"Umenipakia rangi gani?" Shosho aliuliza.

"Rangi nzuri," akajibu, akapokea baraka zake zote.

Kisha ikajulikana kuwa mgombea yule ndiye aliyewauzia wakulima mbegu mbovu za viazi. Tangu hapo, aliyeona zambarau alitema mate, na wateja wakahamia ng'ambo ya barabara. Kukipaka kibanda upya ni kumweleza Shosho kwa nini, na Masinde hathubutu.

Leo yuko peke yake kwenye benchi.

"Chai yangu iko na shida gani?" Shosho anauliza. "Nimeongeza maziwa, nimeongeza tangawizi, na watu hawarudi."

"Chai haina shida, Shosho."

"Sasa ni nini?"

Masinde anajaza mdomo chai ili asijibu. Shosho anapapasa birika, anamwongezea hadi kikombe kinafurika.

"Kunywa, mwanangu. Ni wewe tu hukunitupa."