Bro wangu kamfukuza mtani wa baba msibani bila hata kumuuliza swali moja

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia lugha. Haya yametokea nyumbani kwetu Naipingo, Nachingwea, na sitii chumvi.

Mzee wetu kafariki mwezi uliopita. Bro wangu mkubwa, bosi fulani huko Ruangwa, akaja na mkewe, gari na vijana wake wa kazi. Huyu bro alichukuliwa na baba mdogo akiwa mtoto, kakulia Moshi. Mambo ya kwetu hayajui. Hilo silo kosa lake.

Kwetu mtani wa ukoo akija msibani anavaa nguo za marehemu, anamuigiza anavyotembea na anavyofoka. Watu wanacheka huku wanalia. Ndiyo heshima yenyewe hiyo. Mtani wa baba ni Mzee Bakari. Waliahidiana tangu ujana kwamba atakayetangulia, mwenzake atamuigiza mpaka kaburini.

Mimi nilikuwa mjini Nachingwea kununua sanda. Wanaume wengi walikuwa makaburini wanachimba.

Mzee Bakari akaingia, akavaa koti la baba, akaanza kuzunguka uani akidai chai kwa ukali. Shemeji yangu, mke wa bro, akamkimbilia mumewe: "Kuna mzee kaiba koti la baba, na anatucheka!"

Basi! Bro hakumuuliza mzee wa watu hata "wewe ni nani?"

Kina mama wakapiga kelele, "Huyo mtani, baba! Huyo mtani!"

Akawajibu, "Na nyie mnatetea wezi?"

Vijana wake wakamvua koti mzee wa umri wa baba yake, wakampakia kwenye gari, wakaenda kumshusha mbali huko, barabara ya Ruangwa.

Narudi na sanda ndiyo naambiwa. Nikatuma bodaboda amfuate, akamkosa, kumbe mzee kakatiza kwenye mikorosho kwa miguu. Nikaomba tusubiri kidogo. Bro akasema, "Maiti haimsubiri mwizi." Tukazika.

Mzee Bakari kafika tunanawa mikono. Miguu vumbi tupu. Tukangoja atukane, atutanie, chochote. Wapi. Aliangalia kaburi, kisha akamwambia bro taratibu, "Mmemzika mwenzangu kama mgeni."

Na bro eti, "Si mngeniambia?"

Pumbavu! Uliambiwa na ua mzima!

Wakuu, kuuliza si ujinga. Wewe unayeamua, nyumbani au ofisini, ukishasikia wa kwanza, mtafute na wa pili kabla hujafungua mdomo. "Mzee, mbona umevaa koti la baba?" Swali hilo tu lingetosha. Sasa baba hafi mara mbili.

Juzi bro kanipigia. Anasema na yeye ana upande wake, nimsikilize. Nikamkatia simu, na tangu hapo sipokei.

Haya, nipigeni spana kama nimekosea.