Ndege wa Mvule na Miguu ya Shosho

Juzi mjukuu wangu aliniuliza, "Shosho, mbona miguu yako haitulii ukikaa?" Nilicheka mpaka machozi. Kumbe bado nakanyaga! Kaa hapo, ongeza sukari kwa hiyo chai, nikuambie.

Nilikuwa kasichana, miaka ya sabini ndiyo inaanza, tukiishi huku Eastlands karibu na Soko la Burma, lile la nyama. Upepo ukikupenda ulikula ugali na harufu ya nyama ya wenyewe. Shosho yangu alikuwa anashona nguo, na cherehani yake ya kukanyaga ndiyo ilikuwa inanilaza kwa mlio wake. Halafu macho yakaanza kumwacha. Cherehani ikanyamaza, nyumba ikawa kama imefiwa. Mamangu, kibarua wa viwanda vya Industrial Area, akasema, "Mama, utakaa hapa ukifanya nini? Mwisho wa mwezi nakurudisha ushago, kijijini." Mimi niliingia chini ya cherehani nikalia huko.

Sasa, mlango wa pili kulikuwa na jirani Mkamba, anatengeneza picha za mbao. Anakata vipande vya rangi tofauti, anavipachika pamoja kama kitambaa cha viraka. Lakini msumeno wake ulikuwa mwembamba kama uzi, na akikata kwa mkono unavunjika. Akaja kwetu. "Mama, hiyo cherehani imelala tu. Niachie nifunge msumeno pale pa sindano."

"Na nani atakanyaga?" Shosho akauliza.

"Nitatafuta kijana."

"Kijana ataivunja! Macho ndiyo yameenda, jirani. Miguu iko."

Jumamosi hiyo Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mama, utakatwa vidole!"

"Vidole ni vya jirani. Mimi ni miguu tu."

Cherehani ilikuwa imetolewa uani, na jirani alikuwa amebakisha msumeno mmoja. Aligundisha ubao mweupe wa jakaranda juu ya ubao wa mvule, akachora ndege. Shosho akanusa mvule, akasema unanukia kama kwao. Nikapanda mapajani pake, miguu yangu juu ya yake, tukaanza. Wee! Vumbi la mbao linashuka kama unga, jua la jioni limelishika, na sisi wawili tunaenda, tunaenda, na hatujatoka uani. Msumeno ukikaribia kona mlio ulibadilika, na Shosho alipunguza kabla jirani hajafungua mdomo. Mdomo wa ndege ukapita. Kucha. Mkia. Msumeno haukuvunjika.

Jirani akatenganisha mbao, akabadilisha ndege: yule mweupe akaingia kwa mvule, wa mvule akaingia kwa jakaranda. Nyufa akaziba na gundi na lile vumbi, akasugua. Shosho akapapasa akitafuta ndege anaanzia wapi, asipate. Mama naye akapitisha kidole, polepole.

"Jirani," akasema, "kesho unamtaka saa ngapi?"

Basi Shosho hakuenda ushago. Cherehani iliimba tena, na mimi nililala.

Siku hizi pale uani kumepanda ghorofa. Shosho hayuko, jirani alihama, cherehani ilienda na watu wa vyuma vikuukuu. Hata harufu ya mvule siipati, nimeitafuta. Lakini huyu mjukuu, baada ya kuniuliza, alinipanda mapajani akaweka vile viatu vyake juu ya miguu yangu. Hakuna mashine, hakuna mbao. Tukakanyaga hivyo hivyo, na kwa kona nikapunguza.