Mzee Jailos Atoka Babeli

Mume wangu, mzee Jailos, alifundisha unabii kanisani kwetu Ilomba miaka kumi na minane. Mwaka 1956 kila mtu alikuwa na neno uhuru mdomoni, wakamuuliza Babeli ya Isaya ni serikali ipi. Akawajibu Babeli ni hofu iliyo ndani ya mtu, na mwenye nayo ni mfungwa hata akilala kitandani kwake.

Haya. Nyumbani tulikuwa na mkwe, Atuganile, mke wa mwanetu Asukile aliyekwenda Chunya kuchimba dhahabu. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani wala hawasemezani. Mzee akikohoa tu uani, binti anakimbilia mahindini, na mzigo wake wa kuni kichwani. Miaka mitatu hivyo!

Kisha macho ya mzee yakaingia ukungu. Asiposoma manabii wake hali, halali, ananuna tu. Mimi kusoma sijui. Aliyefika darasa la nne pale kwetu ni Atuganile peke yake.

"Mkwe hawezi kunisomea," akasema.

"Basi kaa na hofu yako," nikamwambia. Alininunia siku mbili.

Siku ya tatu akakubali nusu. Yeye akae nje, binti jikoni nyuma ya ukuta wa mianzi, mimi katikati. "Mama Asukile, mwambie arudie hapo." Namwambia. Binti kamsikia, mzee anajua kasikia, lakini lazima nirudie mimi. Nilivumilia Isaya yote. Tulipoanza Yeremia nikasema loo, hapana! Nikachukua jembe nikaenda kupalilia viazi, nikawaacha na nabii wao.

Niliporudi, mzee alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko, amempa binti mgongo, jasho linamtiririka. Binti naye ameelekea ukutani, anasoma kwa sauti. Sura ikaisha.

"Tata, niendelee?" akauliza.

Hakuwahi hata siku moja kumwita tata, yaani baba. Mzee akageuka, akamwelekea mkwewe, akakodoa macho mpaka machozi yakamtoka.

"Mama Asukile," akaniita, "simwoni. Yukoje?"

Roho iliniuma. "Muulize mwenyewe," nikamjibu. "Yuko hapo."

Akamuuliza.