Uso wa Kahangwa Kwenye Skrini

Verdiana alikuwa na miaka ishirini na mbili, akimbebea kamera mpiga video mmoja wa harusi wa mjini Bukoba, siku Mzee Kahangwa wa Izigo alipomwita kando, nyuma ya jiko la watu wa harusi.

"Binti, mashine yako inashika na sauti?"

"Inashika, tata," Verdiana alijibu, akimwita baba kwa kilugha chao.

Mzee akasimama karibu na baiskeli yake, akatazama kamera, akaeleza kwa dakika kumi na moja kwamba kibanja chake, migomba na mibuni yote, akifa aachiwe Annastella, mtoto wake pekee. Kisha akamwomba Verdiana aitunze kanda ile.

Aliitunza miaka kumi na saba. Kahangwa alipofariki, Verdiana alikuwa na studio yake karibu na soko. Annastella alifika kwa basi la asubuhi, bado amejifunga kitambaa cha msiba. Baba yake mdogo, Rugaibula, alikuwa anadai kibanja kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Ukoo ungekaa Jumamosi.

"Nyumbani kuna deki ya Blu-ray tu," Annastella alisema. "Niwekee kwenye diski yake, wamsikie wenyewe."

Verdiana alihamishia kanda kwenye kompyuta, akaikuza picha, akaichoma kwenye diski. Kwenye kompyuta Kahangwa alionekana vilevile alivyokuwa, mrefu, mashavu yamebonyea. Kwenye deki hakuijaribu diski. Dukani kwake hakukuwa na deki ya Blu-ray.

Jumamosi saa nne sebule ya marehemu ilijaa, Verdiana akiwa ameileta diski mwenyewe. Mzee Nathanael, aliyeongoza kikao, aliamuru diski iwekwe. Televisheni ikawaka. Aliyekuwa kwenye skrini alikuwa mtu mfupi, bonge, uso mpana kama sinia. Sauti ilikuwa ya Kahangwa. Mwili haukuwa wake.

Rugaibula alisimama kabla ya dakika ya pili kwisha.

"Huyu nani? Kaka yangu alikuwa mwembamba kama mwanzi. Siku hizi hawa wa kompyuta wanatengeneza mtu, wanampa na sauti. Mmemlipa shilingi ngapi huyu mama?"

Minong'ono ikazagaa. Annastella alimgeukia Verdiana. Verdiana aliiona rimoti mezani. Ilikuwa na kitufe cha kubadili umbo la picha, lakini kumnenepesha na kumkondesha marehemu mbele ya watu kwa kidole kimoja kungekuwa kumpa Rugaibula ushahidi. Akatoa kompyuta yake mpakato kwenye mkoba, akafungua picha ileile. Humo Kahangwa alikuwa sawa.

"Mnaona?" Rugaibula alipiga kofi. "Wako wawili! Wa kweli ni yupi?"

Verdiana aliikaribia televisheni, akasimamisha picha.

"Waitu, jamaa zangu, mzee Nathanael, msitazame uso. Tazameni gurudumu la baiskeli."

Mzee akasogea, akavaa miwani. Gurudumu lilikuwa kama yai lililolazwa.

"Kuna baiskeli inayotembea na gurudumu hili?" Verdiana aliuliza. "Picha imevutwa kwa pembeni. Gurudumu likirudi kuwa duara, na uso utarudi. Sitagusa kitu kingine."

"Nani atajua hukugusa?" Rugaibula alisema.

"Atafanyia hapa hapa, tunatazama," Nathanael akakata. "Mpaka saa saba. Ikishindikana, tunaendelea bila kanda."

Akawekewa meza ndogo. Watu wakasimama nyuma yake, Rugaibula karibu kuliko wote, pumzi yake ikimgonga shingoni. Diski tupu mkobani ilikuwa moja.

Alianza na alichodhani ni kosa lake, vipimo. Picha ilikuwa na upana wa nukta 1440 na kimo cha nukta 1080. Akapiga hesabu mara mbili kwenye kiganja. Ilikuwa sahihi kwa picha ya kamera ya zamani. Kwa nini basi? Dakika ishirini zilipita hajagusa kitu, na mtu nyuma akaguna. Akachomeka diski ileile kwenye kompyuta, akasoma maelezo yake, ndipo akaelewa. Kwenye diski za aina hii, deki ikikuta upana wa 1440 huhesabu kwamba ni picha pana iliyobanwa, basi huivuta ijaze skrini nzima. Kompyuta ilikuwa imeiacha kama ilivyo. Deki ilikuwa imefuata kanuni yake.

"Naongeza weusi kulia na kushoto," alieleza kwa sauti, ili wote wasikie. "Mia mbili arobaini huku, mia mbili arobaini huku. Jumla 1920. Deki haitakuwa na nafasi ya kuvuta."

Kompyuta ikaanza kuitengeneza picha upya. Ilipofika sabini kwa mia, umeme ukakatika. Feni ya ukutani ikasimama, televisheni ikazima. Verdiana aliangalia betri: arobaini na moja. Picha ikakamilika betri ikiwa kumi na tisa, akaanza kuchoma diski akiwa ameushika ukingo wa meza, asitikisike mtu, asitikisike yeye. Diski ilipotoka, betri ilikuwa kumi na moja.

Wakakaa wakiisubiri televisheni. Saa saba kasoro dakika tano umeme ukarudi.

Safari hii pande zote mbili za skrini zilikuwa nyeusi, na katikati gurudumu lilikuwa duara kabisa. Pembeni yake alisimama Kahangwa, mrefu, mashavu yamebonyea. Mama mmoja aliyekaa mkekani akaanza kulia kabla hata marehemu hajasema neno. Walisikiliza dakika zote kumi na moja. Alipotaja jina la Annastella, Rugaibula aliinamisha kichwa, akakaa hivyo mpaka mwisho.

"Rugaibula," Nathanael aliita. "Ni nani yule?"

Rugaibula akainua uso, akaitazama skrini.

"Ni kaka," alijibu. Akachukua kofia yake, akatoka, hakuaga.

Kikao kiliandika siku ileile kwamba kibanja ni cha Annastella. Rugaibula alitia sahihi wiki tatu baadaye, kwa shingo upande, na mpaka leo wakikutana njiani humsalimia kwa kifupi tu.

Watu walipotawanyika, Verdiana alikuwa anafunga nyaya zake. Annastella alimgusa bega.

"Dada, irudishe mwanzo kidogo. Pale kabla hajaanza kusema."

Verdiana akairudisha. Kahangwa alikuwa anarekebisha kola ya shati, akicheka kwa aibu, akimuuliza mtu aliyeshika kamera kama atasimama au atakaa.