Kitambaa Chekundu Mlangoni

Sebule ya fundi cherehani ilikuwa imegeuka kitalu. Meza ya kulia ilijaa viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea, na ndani ya kila kimoja kimesimama kichipukizi cha msonobari. Cherehani ilisukumwa nyuma ya mlango, wateja wakapimwa wamesimama koridoni, na mama wa watu hakunung'unika hata siku moja. Angenung'unikaje? Miche ile ndiyo iliyokuwa inambakizia mume nyumbani, na hapo sitii chumvi.

Mumewe alikuwa msimamizi wa kitalu cha miti tangu ujana wake mpaka anastaafu. Mtaani wakamwita Mzee Msonobari, naye akalipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi. Kisha akili ikaanza kumponyoka. Mara miwani iko ndani ya birika, mara ametoka kununua chumvi anarudishwa na muuza mkaa ameshikwa mkono. Mkewe alikuwa anamfichia. Mtoto wao wa kwanza, fundi umeme anayeishi mji mwingine, akipiga simu anaambiwa baba amekwenda kutembea, kumbe baba anatafutwa mtaa mzima.

Lakini ya kuficha yana mwisho. Kijana alikuja bila taarifa, akamkuta baba yake uani na shati la ndani tu, anamwulizia mama yake mzazi aliyezikwa miaka mingi iliyopita. Akasema basi, baba anahamia kwake, kuna geti na mtu wa kumwangalia. Mama abaki na wateja wake, atakuja kumwona akipata nafasi. Heri angetukanwa. Kumtoa mtu na mumewe uzeeni, tena kwa upole!

Mama akapiga moyo konde, akamwomba mwanawe jambo moja. Miche ile baba yako kaiotesha mwenyewe, alimwambia, ngoja tuone kama ataifikisha nje salama. Ikifika hai, mwache. Kijana alikuna kichwa, akakubali. Angekuja siku ya kuipanda.

Kazi yenyewe si ya pupa. Mche uliokulia ndani haujui jua wala upepo. Unautoa kivulini kidogo, unaurudisha. Kesho unauacha zaidi, maji unayapunguza ili ushupae, na jua la utosi linakuja mwisho kabisa. Haya mzee alimweleza mkewe kila asubuhi kana kwamba hajawahi kumweleza, kidole juu, na wala hakukosea neno. Mikono yake nayo haikukosea. Kilichomshinda ni kujua wamefika wapi: asubuhi hii miche imeshaonja jua au bado?

Hapo mama akatumia ufundi wake. Alifunga kipande cha kitambaa kwenye kitasa cha mlango wa uani. Cha kijani, miche inakaa barazani kivulini. Chekundu, imekomaa, iwekwe uani kutwa nzima. Mzee alipobishana na nafsi yake, mkewe alimshika bega.

"Usiamini kichwa chako, baba. Amini kitambaa."

Na mambo yakaenda, tena vizuri. Mzee aliamka, akatazama kitasa, akabeba miche yake barazani mikono miwili, na jioni akairudisha. Alianza hata kuimba. Mama naye akaanza kupata usingizi.

Ndipo akaja bibi mmoja mwenye haraka na gauni lake la harusi ya mdogo wake, jekundu, anataka mkanda wa rangi ileile. Mama akakata kipande cha mfano cha kwendea dukani, na kwa kuwa mikono ilijaa pini, akakitundika pale pale mkono ulipofika. Kisha mama akaondoka na gauni zima, kipande akakisahau.

Foleni dukani ilimchelewesha. Aliporudi jua lilikuwa utosini, na miche yote imepangwa katikati ya uwanja wa saruji, mistari imenyooka kama ya kitaluni. Vijani vyake vyembamba vilikuwa vimekauka, rangi ya majivu. Mzee amekaa kitako kizingitini, jasho linamtoka, anailinda. Mama akageuka amwulize kulikoni, akaona kitasa. Loo! Kile kipande cha mfano kilikuwa kinaning'inia pale.

Siku ya kupanda kijana alifika na jembe jipya alilolinunua njiani, maana naye alikuwa na matumaini. Alisimama mbele ya viriba vilivyokauka, akalilaza jembe chini. Mama akamweleza yote: gauni, pini, kipande. Kosa langu, alisema, baba yako kafuata nilivyomwelekeza.

"Mama," kijana alisema taratibu, "umemfichia mangapi mpaka leo? Hili nalo nikuamini?"

Uongo wote aliousema kwenye simu ulikuwa umemrudia siku ambayo alisema kweli.

Mzee aliwasikia. Aliinuka kizingitini, akaja akamshika mwanawe mkono, uso umetulia kama wa mtu anayetoa taarifa kazini.

"Kitasa kilikuwa na chekundu," alisema. "Mimi sikuamini kichwa. Niliamini kitambaa."

Kijana akamtazama mama yake, macho yamejaa machozi.

"Unamsikia anavyosema? Hata mwenyewe hakiamini tena kichwa chake."

Wakapakia nguo za mzee siku hiyohiyo. Alipofika kwenye gari aligeuka, akamkumbusha mkewe miche isikose kivuli mpaka atakaporudi. Mama alimwitikia ndiyo, baba. Kisha akaingia ndani, akafungua kile kipande chekundu kitasani, akafunga cha kijani.